Mmetoa Namua, Mmetoa Nyumba, Halafu Bado Mnaliita Bao la Kiswahili?

Najua wengi mmekuja kutafuta mwendelezo wa ile stori ya bibi harusi na baunsa. Itakuja Jumanne, nimeahidi. Leo naomba tuongee kitu kingine, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujaanza kutukana, maana nawajua.

Kuna kaka mmoja, simtaji. Ni staa wa mitandao, ana wafuasi kibao, ana gari yenye vioo vyeusi, akipiga chafya tu chawa wake wanaandika "afya bosi" mstari mzima. Kiangazi hiki kaka huyu akaja na bonanza la bao kwenye mji mmoja wa barabara kuu huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Tangazo lilikuwa kali: Bao la Kiswahili, toleo jipya, la vijana. Zawadi laki tano taslimu. Na picha yake kashika kete kwa vidole viwili kama kashika almasi.

Mimi nilifurahi kuliko wote. Nani asiyejua kwamba bao limeachiwa wazee? Nikasema finali, leo kuna mtu mwenye jina kaamua kulipeleka kwa watoto wa mjini. Nikamshea kwenye kila grupu. Naomba radhi kwa wote niliowatumia lile tangazo.

Kwa ambaye hajawahi kupita huku: Ruaha Mbuyuni ni mji wa vitunguu na malori. Lori linalotoka Dar linapumzika hapa kabla ya kuuvaa Mlima Kitonga, na linaloshuka kutoka Tunduma linafika hapa breki zinanuka. Dereva anasubiri breki zipoe, dalali anasubiri magunia yapakiwe, jua linawaka kama limetumwa. Iringa mjini wanavaa makoti, sisi huku chini tunatafuta kivuli. Na kivuli ni mbuyu, na chini ya mbuyu kuna bao. Kijiwe chetu kina bao moja la mti wa mninga, limechakaa mpaka mashimo yanang'aa, na kete ni komwe. Limechezewa na watu wa Zambia, wa Kongo, wa Songea, wa Tanga. Lugha zikigoma, bao linaongea.

Pale kijiweni kuna dada anauza chai na chapati kwa madereva. Simtaji na yeye, ila kwa sababu nyingine, huyu namheshimu. Dada huyu alijifunza bao kwa kusimama. Yaani anamimina chai huku anaangalia. Miaka miwili anaangalia tu. Siku moja fundi wetu, babu mmoja ambaye ukimkuta anacheza unashusha sauti mwenyewe, akakosa mpinzani akamwambia kwa utani, "Haya mjukuu, weka birika chini ukae." Dada akakaa. Hakushinda, lakini babu alichelewa kunywa chai yake, ikapoa. Tangu siku ile hakuna anayemtania.

Bonanza lilipotangazwa, dada akaamua anaenda. Miezi miwili kila jioni akishafunga jiko wanakaa na babu, wanafanya namua tu. Namua, namua, namua. Ile laki tano alishaipangia: akodi nusu eka alime kitunguu msimu huu, aachane na kuamka saa tisa usiku kukanda ngano.

Tumefika pale asubuhi, tumekodi hiasi watu kumi na nne, tunapewa karatasi moja ya kanuni. Toleo jipya. Ngoja niwaambie kilichoandikwa mule, halafu tuone kama nina kichaa au wao ndio wanacho.

Kwanza namua hakuna. Kete zote zinapangwa mbili mbili kwenye kila shimo, mnaanza. Nyumba nayo hakuna. Kusambaza ni mara moja, kete ya mwisho ikitua zamu inahama, hakuna kuendelea. Halafu kuna dakika kumi kwa mchezo mzima, zikiisha zinahesabiwa kete, mwenye nyingi kashinda.

Babu aliisoma ile karatasi mara mbili. Akavua miwani, akaifuta, akaisoma mara ya tatu. Akaniuliza, "Mjukuu, huu mchezo unaitwaje?" Nikamwambia, babu, wanasema ni bao la Kiswahili. Akacheka kidogo, akaenda kukaa kwenye hiasi. Hakushuka tena mpaka tunaondoka.

Sasa wale ambao hamjui bao, msikimbie, nawaeleza kwa lugha ya mtaani, maana bila kuelewa hapa utadhani nalilia laki tano ya mtu mwingine.

Bao lina mistari minne, kila mstari mashimo manane, jumla 32. Kila mtu ana mistari miwili, mmoja wa mbele unaotazamana na adui, mmoja wa nyuma. Kete ni 64, kila mtu 32. Mpaka hapo hata la watoto liko hivyo. Utamu unaanzia hapa: kwenye bao la Kiswahili hamuanzi na kete zote mezani. Unaweka 10 tu. Sita zinakaa kwenye nyumba, lile shimo la mraba mstari wa mbele, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake. Zile 22 nyingine unabaki nazo mkononi. Kila zamu unatia moja. Hiyo ndiyo namua. Kama hakuna aliyefungwa njiani, hiyo ni mizunguko 22 ya kila mtu, mitio 44 kabla hata hamjafika kwenye mtaji. Na kuna watu wanafungwa humo humo kete bado ziko mkononi. Hiyo inaitwa mkononi, na ukifungwa mkononi pale kijiweni kwetu usije kesho yake, njoo keshokutwa.

Fikiria maana yake. Kila zamu unaongeza kitu kwenye vita. Siyo kugawa ulichonacho tu, unachagua wapi uongeze nguvu, na mwenzako anaona, na yeye anaongeza kwake. Hali ya meza inabadilika mpaka akili inatoa jasho. Halafu kuna nyumba. Ukiwa unakula na kete yako ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yako ikiwa bado nzima, una uamuzi: ulale pale, nyumba ibaki na akiba yake, au uisafirishe, uzichote zote uende nazo. Nyumba ikishasafiri, imesafiri, hairudi. Mimi nimeona mwanaume mzima, dereva wa lori la mafuta, anatoa macho dakika nzima anashindwa kuamua alale au asafiri. Watu kumi wamemzunguka, hakuna anayepumua. Niambie ni filamu gani ya Bongo imewahi kukufanyia hivyo.

Halafu ule mzunguko wa kuendelea. Kete ya mwisho ikikuta shimo lenye kete, hujamaliza: kama mbele yake adui ana kitu unakula, kama huli unachota za pale unaendelea. Mpaka ukute shimo tupu, ndiyo umelala. Hapo ndipo kelele za kijiwe zinapotoka. "Imelala!" "Haijalala!" "Inaenda hiyo!" Mkono unazunguka, kete zinadondoka ta ta ta, mtu aliyekuwa anafungwa anageuza meza kwa mtio mmoja. Ukitoa kile kitu, umetoa shangwe. Mmekuja na spika kubwa na mshereheshaji, halafu mmetoa sehemu pekee ya mchezo ambayo watu wenyewe wanapiga kelele bila kuambiwa "pigeni kelele."

Lakini hayo yote, namua, nyumba, kuendelea, mimi ningeweza kuyameza. Kilichonikera mpaka leo ni kuhesabu kete.

Sikilizeni vizuri. Kwenye bao hushindi kwa wingi wa kete. Unashinda kwa kumaliza mstari wa mbele wa mwenzako, au kumfikisha mahali hana pa kutia mkono. Mbele kukiwa tupu, hamna, basi, umefungwa. Unaweza kuwa na kete nyingi kuliko adui na bado ukafungwa, kwa sababu zote zimejificha mstari wa nyuma na mbele hakuna anayelinda. Huo ndio moyo wa mchezo wenyewe. Ukiwa bahili unarundika nyuma, unajiona tajiri, halafu unazikwa na utajiri wako. Mtu yeyote aliyecheza bao mwaka mmoja anajua haya kwenye mifupa.

Sasa dada wa chai. Raundi ya kwanza akashinda, hata hizo kanuni za ajabu alizishika haraka. Ya pili akashinda. Nusu fainali akakutana na kijana mmoja wa timu yao, mmoja wa wale wanaoonekana kwenye video za bosi. Kijana ameisoma karatasi, hilo nampa. Alichofanya ni kurundika nyuma tu. Anakula, anapeleka nyuma. Dakika ya tisa mbele kwake kulikuwa na shimo moja tu lenye kete. Moja, wadau. Zamu ya dada. Na dada ana mtio wa kula lile shimo, hata kwa kusambaza mara moja, nimeuona, dereva mmoja wa Kongo nyuma yangu ameuona, amenishika bega. Dada anainua mkono, filimbi inalia. Muda umeisha.

Wakahesabu. Kijana 35, dada 29. Kijana kashinda.

Dada hakubishana. Aliangalia lile bao, akaangalia yule mshereheshaji, akauliza tu, "Lakini mbele yake hamna?" Watu wa meza kuu wakacheka. Usiku ule ile klipu ikapostiwa, uso wake ukiwa umekaribishwa karibu kabisa, na maandishi juu: mshamba akutana na bao la kisasa. Chawa wakajaa. "Warudi kwenye vitunguu." "Dada hajui sheria." Dada hajui sheria! Nyie mnaojua sheria, nani kati yenu anajua kimbi ni shimo lipi?

Nimekaa na hasira zangu mwezi mzima ili nisiandike matusi. Sasa hoja zangu.

Najua mtanijibu kwamba mchezo lazima ubadilike. Nakubali. Sijasema hapana. Hata sataranji mnayoiona ya kisomi, ile ya wazungu wenye miwani, malkia wake zamani alikuwa anatambaa nyumba moja tu ya pembeni kwa wakati. Ni mwishoni mwa karne ya 15 huko Ulaya ndipo akapewa miguu ya kwenda anakotaka, na mchezo ukanoga. Kwa hiyo mabadiliko siyo dhambi. Na saa pia sina ugomvi nayo, sataranji wanacheza kwa saa, bao nalo likiwekewa saa kwa kila mchezaji watu wataacha kulala mezani. Babu mwenyewe angefaidika kuharakishwa kidogo.

Ila angalia malkia alipobadilishwa hawakubadilisha mchezo unaishaje. Bado unamkamata mfalme. Hawakusema "muda ukiisha tuhesabu nani ana askari wengi." Nyie mmegusa mwisho wa mchezo. Ukibadilisha namna ya kushinda umebadilisha kila kitu cha kabla yake, maana mtu anacheza akilenga mwisho. Yule kijana hakuwa mchezaji mbaya. Alicheza kile ambacho karatasi ilimlipa, na karatasi ilimlipa kwa kujificha.

Halafu ngoja niwachekeshe. Hilo mnaloita toleo jipya siyo jipya. Kupanga kete mbili mbili, bila namua, bila nyumba, ni bao la kujifunza. Lina jina lake kabisa! Watoto wanalichimba chini kwenye mchanga, wanachezea mawe. Mimi nimelicheza darasa la tatu. Ni zuri, linakufundisha kusambaza na kula, halafu ukikua unakaa kwenye la wakubwa. Mmechukua bao la kujifunza, mkalikata miguu, mkalipaka rangi, mkaliuza kama uvumbuzi. Mngeliita hivyo hivyo, "bonanza la bao la kujifunza", nani angewagusa? Babu angewaletea wajukuu zake.

Na hapa ndipo penye kesi yangu. Kesi yangu ni jina.

Huku kwetu tuna kitu kinaitwa lumbesa. Mkulima anajua gunia ni gunia. Dalali anakuja na gunia limeshonewa kilemba juu, limebeba mzigo wa gunia na nusu huko, na bado anasema "gunia moja, kaka, bei ya gunia." Serikali imepiga kelele miaka yote, vipimo, mizani, kilo mia, na bado ipo. Uchungu wa lumbesa siyo ukubwa wa mfuko. Ungesema huu ni mfuko mkubwa, tukapatana bei yake, hakuna mgogoro. Uchungu ni kwamba neno limebaki lile lile na kilichomo kimebadilika, na anayeumia ni yule aliyeliamini neno. Dada wa chai aliamini neno. Aliambiwa bao la Kiswahili, akajiandaa kwa bao la Kiswahili. Miezi miwili ya namua ikaenda na maji ya Ruaha.

Angalieni majirani. Waganda wana Omweso, mistari minne, mashimo 32, kete 64, ukiiona kwa mbali unasema hili bao. Siyo bao, sheria zake nyingine, na jina lake lingine. Wamalawi wana Bawo. Wakomoro na watu wa Mayotte wana Mraha wa tso. Madagaska wana Katra. Ukoo mmoja, kila mtoto ana jina lake, ukialikwa unajua unaenda kucheza nini. Hakuna Mganda aliyewahi kumwambia mzee wa Zanzibar "nimekuletea toleo jipya la bao lako."

Sasa kuna mchezo mmoja wa Marekani unaitwa Dungeons & Dragons. Nimeujulia kwenye bando la usiku, usiulize nilikuwa natafuta nini. Watu wanakaa mezani, mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana mhusika wake, mchawi, mpiganaji, mwizi, mnarusha dadu kuona kama umefanikiwa. Unafanana kidogo na tulivyokuwa tunacheza utotoni, "mimi polisi, wewe jambazi", ila wao wameweka vitabu na namba. Ulitoka mwaka 1974, waliuanzisha jamaa wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Na ule mchezo unatolewa kwa matoleo, kama simu. Toleo la tatu likatoka 2000, likarekebishwa 2003. Halafu 2008 wenye kampuni wakatoa toleo la nne, wakabadilisha mambo mengi kwa mkupuo. Mchawi na mpiganaji wote wakapewa nguvu zilizopangwa kwa mtindo mmoja, hizi tumia kila zamu, hizi mara moja kwa pambano, hizi mara moja kwa siku. Wengine walilipenda, kusema ukweli, mapigano yake yalikuwa yamepangika. Ila wengi wakasema huu siyo ule mchezo wetu, huu umekuwa kama gemu la kompyuta.

Unajua walifanya nini? Kampuni nyingine, Paizo, ikachukua kanuni za toleo la tatu lililorekebishwa, ambazo ziliachwa wazi kisheria watu wazitumie, wakaziendeleza, 2009 wakatoa mchezo wao. Na wakaupa jina lake, Pathfinder. Umeona ustaarabu huo? Wao ndio waliobaki na kanuni za zamani, na bado wakatafuta jina jipya. Wale wenye jina la zamani nao wakajifunza. Kabla ya kutoa toleo la tano 2014 waliwapa wachezaji rasimu wajaribu, kuanzia 2012, wakakusanya maoni. Na Januari 2023 walipojaribu kubana ule uwazi wa kisheria, wachezaji waliwawashia moto mitandaoni mpaka wakarudi nyuma, wakaachia kanuni za msingi kwa leseni huru kabisa.

Sasa hao ni wenye mchezo, wana karatasi za umiliki, wana wanasheria. Na bado waliwauliza wachezaji. Wewe kaka yangu bao ni la nani mpaka ulitolee toleo? Ulinunua kwa nani? Ulimuuliza nani, Lamu, Unguja, Kilwa, hapa kwetu? Kuna Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, alikaa na mafundi wa Zanzibar akawachunguza wanavyofikiri, akaandika tasnifu nzima ya udaktari Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995, yote kuhusu umahiri wa bao. Mzungu katoka baridi yake kaja kujifunza kwa unyenyekevu. Wewe wa hapa hapa umetoka na karatasi moja na filimbi.

Mtasema, "Ah, lakini vijana hawaliwezi, namua ngumu." Hawa vijana ndio wanaocheza gemu la mpira kwenye simu, wanajua vikosi vya timu ishirini, kasi ya kila winga, nani kapunguzwa alama kwenye toleo la mwaka huu. Hawa ndio wanaobeti mikeka ya timu kumi na tano, wanajua na refa. Usiniambie hawawezi kushika kete 22. Hawajafundishwa, basi.

Na hapo sasa nawageukia wazee, maana sitaki mjifiche nyuma yangu. Shikamooni. Nyie nanyi mna kesi.

Wazee wa vijiweni mnachukulia bao kama siri ya ukoo. Kijana akikaa, mnamfunga mkononi mara tatu, mnamcheka, mnamwambia "nenda kaangalie kwanza." Aangalie mpaka lini? Na kanuni zenu mnazibadilisha kulingana na nani anafungwa. Nimeona kwa macho yangu mzee wa Mtandika na mzee wa hapa wanakosana kwa ajili ya takasia, kila mmoja anaapa kwamba ya kwake ndiyo ya asili, nusura wapigane na fimbo. Mgeni akija mnamtolea sheria mpya katikati ya mchezo: "Hapo huruhusiwi." Tangu lini? "Tangu zamani." Kumbe tangu sasa hivi. Mmeacha nyumba bila mlango, staa akapita akajitangaza mwenye nyumba. Mwalimu Nyerere alikuwa rais na alikuwa anakaa kucheza bao na watu, picha zipo. Nyie mnashindwa kukaa na muuza chai mpaka mkose mpinzani?

Babu hakupenda nilipomsomea hiki kipande. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaniita, "Mjukuu, lete daftari."

Kwa hiyo tunaandika. Daftari la kawaida, kurasa tisini na sita, jalada lina picha ya twiga. Babu anasema, dada wa chai anamkatiza, mimi naandika. Ukurasa wa kwanza majina ya mashimo, na mchoro nimechora mwenyewe, usicheke. Wa pili namua. Kwenye takasia tumeacha kurasa mbili wazi, kwa sababu siku ya tatu wanabishana na yule mzee wa Mtandika kaitwa aje kutoa ushahidi wake. Tukimaliza nitapiga picha kila ukurasa niweke hapa bure, mwenye tofauti ya kwao aseme, tutaandika pembeni: Tanga wanafanya hivi, Unguja wanafanya hivi.

Dada ameshauza chai mwezi mwingine. Msimu wa kukodi shamba umepita. Hataki niandike kwamba alilia, kwa hiyo siandiki.

Kaka staa, huna haja ya kuniblock, njoo Jumamosi. Bao lipo chini ya mbuyu, chai ya tangawizi mia tatu, hakuna spika. Cheza toleo lolote unalotaka, ila litaje jina kabla hujakaa. Mlete na yule kijana wako wa kurundika nyuma.

Na wewe chawa unayeshuka kwenye komenti kutoa povu, povu ruksa, sifuti komenti ya mtu. Ila kabla hujaanza jibu swali moja: kete 35, zote mstari wa nyuma isipokuwa shimo moja la mbele, na zamu ni ya mwenzako mwenye mtio wa kulila. Nani kafungwa?